Joto Chini: Kwako Baba, Fundi wa Mihuri

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ulipoinamia mhuri wa shule kwenye meza yako ya kazi, ukasema umechoka kidogo, na hukuinuka tena. Mhuri wenyewe ulikuwa umebakiza herufi mbili. Mwenzako wa pale kibandani aliumalizia, na mwalimu mkuu alipokuja kuuchukua alisimama mlangoni muda mrefu kabla ya kuondoka nao.

Tunakukumbuka kwa mengi, ila kwanza kwa uchache wa maneno yako. Ulikuwa ukisema mhuri hauna nafasi ya porojo, na nyumbani nako ukatufanya sote wateja. Jikoni ulibandika "Gesi funga". Bafuni, "Maji kidogo". Dada yetu mkubwa alipofaulu uuguzi tulikaa sebuleni tukingoja hotuba ya mzazi. Ukamtazama weee, ukasema, "Sawasawa," kisha ukatoka kwenda kumnunulia viatu vya kazi. Anavyo mpaka leo, na soli amebadilisha mara mbili.

Mama ndiye aliyekuwa na maneno ya kuwatosha nyote wawili. Wewe moja, yeye kumi, na yote kumi ya kupinga. Miaka thelathini na mmoja mlibishania chumvi, mlibishania dirisha lifungwe au lisifungwe, na wewe ulikuwa unacheka kwa mabega tu, bila sauti, jambo ambalo lilimpandisha hasira zaidi.

Lakini hakuna mlichobishania kama Mheshimiwa.

Kwa wasomaji wasiomjua, Mheshimiwa ni mjusi. Si hawa wa ukutani. Huyu ni mnene, wa manjano, ana madoa kama ya chui, na mkia wake umejaa kama kidole gumba cha mwashi, maana humo ndimo anamoweka akiba ya mafuta. Anafumba na kufumbua macho kama mtu. Mteja wako mmoja alikuwa anahama, hakuweza kusafiri naye, akakuachia pamoja na kisanduku chake cha kioo. Mama alikwambia uchague, yeye au mjusi. Ukamjibu, "Wote." Akanuna siku mbili, kisha akaweka sharti: mjusi asikanyage jikoni, na jina lake yeye hatalitaja. Akawa anamwita "mpangaji wako".

Na huo uheshimiwa aliupata kwenye chakula. Jamani, yule kiumbe alikuwa na madaha! Ukimpa nyenje, anageuza shingo. Ukimpa mabuu, anakula mawili, anaondoka kama aliyeitwa kikaoni. Buu lililolala halitaki, mpaka lijinyongenyonge mbele ya macho yake. Kila jioni jua likizama ulikaa naye, kibano mkononi, ukimtikisia buu mbele ya pua taratibu. Robo saa ikipita hajala, ulitoa chakula chote wala hukumlazimisha, kwa sababu nyenje wakiachwa mle ndani huanza kumng'ata yeye. Mama akipita alikuwa anasema kwamba sisi hatukuwahi kubembelezwa hivyo hata tulipougua surua. Ni kweli, hatukuwahi. Kesho yake Mheshimiwa anakula, nawe unatoka chumbani umenyooka kama mtu aliyevishwa nishani.

Siku ya tatu baada ya kukuzika, Mama aliingia kwenye kile chumba chako kidogo. Tulimfuata mpaka mlangoni. Kwenye kifuniko cha kisanduku ulikuwa umebandika karatasi, kwa zile herufi zako kubwa: "JOTO CHINI". Pembeni kulikuwa na swichi ya joto, ya kuzungusha. Mama alisoma mara mbili, akaizungusha swichi mpaka mwisho wa chini, akatoka. Hakubisha neno. Na sisi wote tuliosimama pale, pamoja na muuguzi wetu, hatukuona kosa.

Mheshimiwa akagoma kula.

Wiki ya kwanza tulisema ni majonzi. Wiki ya pili Mama alichukua kibano chako akaanza kukaa naye mwenyewe, jioni baada ya jioni, na buu linacheza peke yake hewani. Shangazi, dada yako, akasema mnyama anajua bwana wake kaondoka, basi aachwe amfuate. Mama alimwomba asiyarudie maneno hayo ndani ya nyumba hii. Tukampeleka kwa daktari wa mifugo, akamfungua mdomo, akasema hana kidonda wala uvimbe. Akauliza kama joto anapata. Mama akajibu kwa uhakika kabisa kwamba anapata vilevile kama wewe mwenyewe ulivyoandika.

Kufika wiki ya tano ule mkia ulikuwa umekonda kama penseli. Na Baba, tukuambie ukweli, Mama naye alikuwa hali chakula. Sahani yake ilikuwa inarudi jikoni kama ilivyotoka. Nguo zilimpwaya. Dada akimkaripia, anajibu hana hamu, anarudi kwenye kisanduku. Siku moja akatuambia, bila hata kugeuka, "Ameniachia kitu kimoja tu ambacho sikukitaka. Kikinifia mkononi, atasema nilifanya makusudi." Tulimwambia kwamba wewe, Baba, si mtu wa kusema hivyo. Hakusikia.

Ndipo akaja rafiki yako fundi umeme, yule uliyembatiza Waya, kurudisha keekee yako ndogo ya kutobolea. Akaingia kumsalimia Mheshimiwa, akaweka kiganja chini ya kisanduku, akauliza nani amezima joto. Mama akainuka, akamwonyesha ile karatasi kwa kidole, kama shahidi mwenye ushahidi wake kamili.

Waya aliisoma, akatafuta kiti. Akatueleza kwamba mliutandika pamoja ule mkeka wa joto, chini ya kioo, na ukaandika vile ili mtu asije akaweka taa juu. Mjusi wa aina hii hupashwa moto tumboni. Tumbo likiwa baridi chakula hakisagiki, na mwenyewe anajua, ndiyo maana anakataa.

"Shemeji," akasema polepole, "hakumaanisha lishushwe. Alimaanisha litokee chini."

Mama aliisoma tena ile karatasi. Halafu akasema, "Miaka thelathini na mmoja namkatalia kila kitu. Siku niliyomtii, ndiyo hii." Akacheka. Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza, na kicheko kile kikageuka kilio, kilio ambacho hakukilia hata siku ya mazishi. Tulilia naye. Hatuoni haya kukiandika hapa.

Waya alipandisha joto kidogo kidogo. Siku ya nne, jua linazama, Mheshimiwa alijiburuta mpaka kwenye pembe yenye moto, akalaza tumbo. Mama akamtikisia buu. Akalitazama. Akafumba macho, akafumbua. Mama akamwinamia, akasema, "Mheshimiwa, tafadhali."

Akalidaka. Akala na la pili. La tatu akageuza shingo, na Mama akalitoa bila kumlazimisha. Akanawa mikono, akaja mezani tulipokuwa, akauliza kama kwenye sufuria kimebaki chochote. Dada alipakua mpaka kikamwagika pembeni. Mama alikula chote, akaongeza.

Leo Mheshimiwa ana gramu sitini na mbili, na mkia umerudi.

Unakumbukwa na mkeo, na bintiyo muuguzi na mumewe, na mwanao wa kati aliyeandika haya, na kitindamimba wako, ambaye sasa anakaa kibandani kujifunza kuchonga herufi, na dada yako, aliyekwisha kusamehewa, na Waya, na mwenzako wa meza ya pili pale kibandani. Haipiti siku bila kukutaja, wala haitapita.

Tulimsomea Mama haya yote kabla ya kuyapeleka gazetini, tukamuuliza kama ana la kuongeza. Tulitegemea atapinga nusu yake. Yeye akasema, "Mwambieni kama lipo neno jingine alitaka kuniambia, aandike kwa kirefu. Nina nafasi."