Mama Anatema Dawa Kwa Mgomba Juu Ni Tamu

Mpendwa mshauri Chesang, naomba msaada na naomba uharakishe, juu clinic ya mama ni wiki hii na kichwa yangu inachemka. Mimi ni kijana wa Kibomet hapa Kitale, natengeneza simu, nilijifunza tu mwenyewe, na mama yangu Wilkista ako na sukari na pia kifafa, sasa daktari wa kifafa akampatia zile tembe za kuyeyuka kwa ulimi, hazitaki maji, lakini bado anaanguka, juzi ameanguka karibu na jiko uji yote ikamwagika, mimi nikasema hii dawa ni feki bana, kumbe jana namwona anaweka tembe kwa mdomo, anazunguka nyuma ya choo, anatema yote kwa mgomba!

"Mama, ni nini hiyo?"

"Nyamaza wewe! Hii kitu ni tamu kama switi. Wa sukari walinikataza hata chai tamu, wa kifafa ndio hao wananiletea sukari. Si waongee kwanza?"

Nikasoma pakiti, nikaona imeandikwa aspatemu, ati ndio inaleta huo utamu, nikatafuta kwa simu, weh! Moja inasema sumu, ingine inasema saratani, nikashtuka nikamwambia labda ako na haki. Lakini daktari alisema akiendelea kuanguka ataongeza dawa, hajui mama hamezi, na mama ameniapisha nisiambie mtu, hata dadangu Fridah wa Ndalu, ati nikifungua mdomo nitafute mama mwingine. Nifanye aje?

Wakoli, Kibomet

Wakoli, pole. Sasa keti, maana mmenitoa jasho.

Mama yako si mjinga. Alikatazwa utamu, akatii. Hakuna mtu alimweleza kwamba si kila utamu ni sukari. Aspatemu inawekwa kidogo sana ndio dawa isiwe chungu, na haipandishi sukari ya damu. Wenye wanakatazwa ni wale wamezaliwa na ugonjwa fulani nadra, mwili hauwezi kuvunja kitu kinaitwa fenilalanini, na aspatemu iko nayo. Mwonyesheni mfamasia pakiti, muulize kila kitu iko ndani. Mfamasia, Wakoli, si simu!

Na wewe fundi, mteja akikuficha simu iliingia maji, si utabadilisha betri bure? Ndio daktari huyo. Ataongeza dawa juu ya dawa haijawahi kuingia, halafu siku mama ameamua kumeza, itampata vibaya.

Usingoje siku ya clinic. Piga simu huko leo. Usimwanzishie dawa wewe mwenyewe, na usimpatie mbili ati kufidia. Wao ndio watasema aanzie wapi. Jikoni asikae peke yake. Kisha mwambie, "Mama, mimi sitakusema. Utasema wewe, mimi nitakaa kando yako." Akikataa, sema wewe. Mama akinuna atanuna tu, siku moja atakuitia ugali. Mama akianguka kwa moto ni hadithi ingine.

Wakishampangia: mikono kavu, tembe juu ya ulimi, iyeyuke, ameze mate. Pakiti ikae juu kabisa, watoto wasidhani ni switi.

Msalimie sana Mama Wilkista, umwambie hivi kutoka kwangu: huo mgomba hauna kifafa. Dawa ni yake.