Migebuka ya Ijumaa

Bangwe, Ijumaa ya Kwaresma

Nyama. Nimewapikia mahujaji pilau ya nyama siku ya Ijumaa, ndani ya Kwaresma, na mimi ndiye mkuu wa jiko la parokia.

Boti yao ilikuwa imeshaonekana ziwani Mama Zuhura, jirani yangu Muislamu, alipofunua sufuria. "Mwanangu, leo si Ijumaa yenu? Marehemu mama yako asingethubutu."

Pilau akaihamishia kwake. Akaleta migebuka, samaki wa ziwa letu, akaipika mwenyewe kwa mawese. Mahujaji walikula mpaka wakalamba vidole.

Nami nikaonja. Ni mkono wa mama kabisa. Miaka yote hii nimejilaumu kwa kutomuuliza alivyokuwa akiipika, nikidhani amezikwa na siri hiyo. Kumbe alimwachia jirani.