Jasho Si Mafuta, Hippolyte

Nchelenge, tarehe 6, mwezi wa kumi, 2024

Mupendwa ndugu yangu Hippolyte,

Nakusalimia kwa jina la Yesu. Natumaini barua hii itakukuta na afya, na joto la Lusaka halijakushinda. Sisi huku tuko. Watoto wanasoma, muhogo wangu umekauka vizuri, na ziwa bado linatupa chisense, vile visamaki vidogo ulivyokuwa unavipenda. Mama mudogo Noëlla naye anapumua. Nasema anapumua, kwa sababu kidogo tu angeacha, na ni juu ya hiyo nakuandikia.

Ningeweza kupiga simu. Lakini kwenye simu wewe unasikiliza sauti yako tu. Ndiyo maana nimemupa Goodson, dereva wa gari la samaki, akuletee karatasi hii mukononi.

Kumbuka zile sauti ulizokuwa unamutumia Mama mudogo kwenye simu tangu uanze kufundisha watu mazoezi huko. Ulimuambia aache bukari, ugali wetu, kabisa. Akimbie asubuhi bila kula. Asinywe maji, eti maji yanarudisha unene. Tena ajifunge mifuko ya plastiki chini ya nguo ili atoke jasho sana. "Jasho ni mafuta inatoka," ulimuambia, na sauti yako ile ya pasta asiye na kanisa.

Hukuuliza kama bado anameza dawa ya sukari. Anaimeza tangu tulipokuwa Pweto, kabla hatujavuka mupaka, na wewe mwenyewe ndiye uliyekuwa unamuletea maji ya kuimeza.

Alikutii. Yeye anayebishana na kila munganga, alikusikia wewe, mutoto aliyemulea. Juma lililopita alimeza kidonge chake, akavaa mifuko yako chini ya sweta, akakimbia kwenye njia ya Kashikishi. Akaanguka karibu na wanawake wanaoanika samaki. Walifikiri amelewa. Jirani yetu Chama akamutambua, akaikata ile mifuko kwa kisu. Mama mudogo alikuwa analowa jasho baridi, anatetemeka, anasema maneno yasiyoeleweka. Alipoweza kumeza wakamunywesha chai yenye sukari nyingi, kisha tukamupeleka hospitali kwa pikipiki.

Huko Madame Mwape, anayechunga wagonjwa wa sukari, akatueleza. Mwili ukifanya mazoezi unatumia sukari iliyo ndani ya damu. Dawa nayo inaishusha. Na tumboni mwake hakukuwa na kitu cha kuirudisha. Jasho ni maji na chumvi, Hippolyte. Ukipima uzito baada ya kutoka jasho na ukaona umepungua, ni maji yamepungua, ukinywa, yanarudi. Hata watoto wangu wa shule ya primeri walielewa nilipowaeleza. Wewe ndiye unayeitwa kochi.

Madame Mwape akauliza ni nani aliyemupa mashauri hayo. Mama mudogo akajibu: "Ni kichwa yangu mwenyewe."

Alidanganya kwa ajili yako, amelala pale na sindano ya maji mukononi. Mimi nikasema ukweli, na jina lako nikalitaja. Tangu siku hiyo ananijibu kwa ufupi tu.

Ulipopewa nafasi ya kusomea kazi yako ulicheka, ukasema mwili wako ndiyo diploma. Ng'ombe naye ana misuli. Sijaona mutu anayemuomba ng'ombe mashauri ya kula.

Sasa Mama mudogo anatembea jioni, akiisha kula, polepole, na chupa ya maji. Ninamusindikiza. Anakula bukari kidogo, samaki, maharagwe, na sombe, yale majani ya muhogo, anavyotaka. Sukari yake imetulia. Jana, katikati ya njia, akaniuliza kama ninakuandikia. Nikasema ndiyo. Akasimama, akaangalia chini.

"Usimuchome sana," akaniambia. "Ataogopa kurudi."

Nimejaribu, na unaona nilivyoshindwa. Lakini usiogope. Kuja nyumbani kwa Noeli. Usilete zawadi wala maelezo. Kaa mbele yake, ukiri kwa neno moja tu: sikujua.

Musalimie muke wako Princesse, na umubusu Félix mudogo. Bwana yangu Pitchou na jirani Chama wanakusalimia. Mungu akuchunge, na awachunge zaidi wale wanaokusikiliza.

Ni mimi dada yako, anayekupenda hata leo,

Marlène