Riungu Alipoacha Kuimba

Celina, acha kupika usome. Tungekuwa na matanga kwa dada yangu Kiende!

Unajua mzee wake Riungu haogi bila nyimbo za kanisa. Leo alikuwa anaoga kujaribu maji moto kwa ile van yao ya kulala watalii. Kijana wao Mwirigi ameweka humo hita ya gesi, bomba la kutoa moshi bado. Mzee akafunga madirisha yote, ati baridi.

Wimbo ukakatika. Katikati ya ubeti, Celina!

Kiende akavunja mlango, akamburuta nje uchi, amelegea kwa moshi wa gesi. Sisi kina mama wa kanisa tuliokuwa hapo kwa maombi tukafumba macho, isipokuwa mimi.

Mzee akazinduka: "Nipe taulo."

"Taulo ya nini? Imba!" Kiende akamfokea.

Tuko njiani hospitali. Kiende, aliyezoea kumwambia anyamaze, anamfinya kila akinyamaza.