Mshale Wangu na Papai la Jirani

Dada Salma,

Shikamoo, na usiniulize habari za bahari; nina habari kubwa zaidi. Nipo Bongwe na nimetengeneza mshale!

Bi Mwanasiti, fundi anayenifundisha, alinipa uti wa mshale aliokwisha kuunyoosha. Nikausugua kwa majani ya msasa mpaka ukateleza, nikafunga manyoya ya kuku kwa uzi, kisha nikauzungushia pete za rangi nyekundu na nyeusi, nyingi kupita kiasi.

"Mwanangu, huu ni mshale au bibi harusi?" akacheka.

Lakini kwake mshale haukubaliwi kwa urembo. Lazima urushwe kwenye mgomba ulio nyuma ya nyumba, na ukienda upande unavunjwa na kutiwa jikoni pamoja na kuni. Zamu yangu ikafika, Dada! Nikavuta upinde, nikafumba macho, nikaachia. Mgomba nikaukosa kabisa. Mshale ukaruka ua, na upande wa pili mtu akapiga kelele: "Nani huyo anawinda mapapai yangu?"

Jirani akaja amebeba papai, mshale umelichoma katikati, hata unyoya mmoja haujalegea. Nikajua ndio basi, unakwenda motoni. Bi Mwanasiti akaugeuza, akautazama.

"Mshale umekwenda sawa ulikotumwa," akasema. "Aliyekwenda upande ni wewe."

Umekubaliwa! Papai tumelila sote watatu kwa ndimu, jirani akinitania kila kipande. Mbavu bado zinaniuma kwa kicheko.

Mungu akutunze, Dada. Nibusie Mama mashavu yote mawili.

Mdogo wako,
Aziza