Stadi nane za pikapu ya afande

Kwa Kabugho, mutoto yangu, fundi wa magari kule Mweya,

Mimi baba yako niko muzima hapa Bwera, na meno yangu yote iko. Mbuzi ya mama yako ilizaa mapacha. Sasa sikia habari kubwa.

Nilifungua manifoldi, ile chuma inapeleka moshi ya injini kwa bomba, ya pikapu ya afande Lakot. Bolti moja ilizunguka bure, meno ya ndani ya injini imekwisha. Nikafikiri na akili yangu mwenyewe: bolti ukiitoa kila mara inakula meno, lakini stadi, ile chuma ya meno haina kichwa, inabaki ndani, unatoa nati tu. Nikaweka stadi nane. Injini iliimba, moshi haikutoka pembeni hata kidogo. Bwera yote inanisifu.

Najua ni wewe ulisema tuweke stadi mwaka ule, nikakufukuza karakana mbele ya watu. Masikio yangu ilijaa kelele ya injini.

Jana nikalegeza nati ya nane. Afande anauliza, "Muzee, unangoja nini?" Nikamwambia nati hii iko na fundi wake wa kuikaza, anatoka Mweya. Jumamosi afande anataka kwenda Kasese, basi fika mbele ya siku hiyo. Spana yako hakuna mutu ameigusa.

Ni mimi baba yako Thembo, fundi namba moja wa Bwera mpaka ufike.