Madoa Yalianza kwa Mpunga Wangu, Sasa Wanataka Kuung'oa

Bi Fahima, shikamoo. Naandika kwa hasira, nikikosa adabu unisamehe, maana yamenifika hapa. Niko Bweni, Mafia, na bonde letu la mpunga mimi na mume wangu Taufiki tunalima pamoja na kaka yake, shemeji Ukasha. Mwaka huu shemeji alinunua mbegu ya dukani akasema bonde zima ni hiyo tu, mbegu ya marehemu bibi yangu nikawape kuku, mimi kwa mdomo nikasema sawa, lakini Ijumaa wanaume walipokwenda kuswali nikaipanda ya bibi kwenye kipande cha pembeni, na kosa hilo nalikiri. Basi ukaja ugonjwa wa ukungu wa majani, na madoa ya kwanza yakaonekana kwangu, vidoa vya kahawia kama ncha ya sindano, wakati mpunga wa shemeji ni kijani kitupu, ndipo siri ikatoboka, akapiga kelele kwamba nimewaletea maradhi. Siku ya nne, ya tano, wake nao ukashikwa, madoa makubwa yenye kijivu katikati, majani yamekauka kama yaliyomwagiwa maji ya moto, ilhali vidoa vyangu vimebaki vilevile na mpunga umesimama, lakini nani ananisikiliza? Shemeji na wenzake wanasema aliyeanza kuumwa ndiye aliyeambukiza. Jumamosi wanakuja kuung'oa na kuuchoma, mume wangu kanyamaza kimya, na mbegu nyingine ya bibi sina, ile ndiyo yote. Wallahi siung'oi, waning'oe mimi kwanza! Je, nakosea? Jina langu liandike, sijifichi.

Warda, Bweni

Marahaba, Warda. Naanza kukugombeza, maana ukisikia mazuri kwanza mabaya hutayasoma. Kumwambia mtu sawa kisha ukamgeuka akiwa msikitini si ushujaa, mwanangu, ni uongo. Ndiyo maana leo unasema kweli na hakuna anayekuamini. Hapo umejiponza mwenyewe.

Lakini kung'oa? Thubutu! Nimempigia Haruni, bwana shamba mstaafu aliyehangaika na ngano miaka mingi huko nyanda za juu, nikamsomea barua yako. Alicheka mpaka akakohoa. "Huyo shemeji anamfunga mlinzi, na mwizi yumo ndani!"

Akanieleza hivi. Ukungu huu huingia ndani ya jani na kulila. Jani lenye kinga huugundua mapema, na pale palipovamiwa hujiua penyewe, ukungu ukakosa chakula ukafa hapohapo. Hicho ndicho kidoa chako cha ncha ya sindano. Ngano yenye kinga hufanya vivyo hivyo ikiingiliwa na ugonjwa wa kutu ya majani. Jani lisilo na kinga halishtuki. Linabaki kijani siku kadhaa huku linaliwa ndani kwa ndani, kisha madoa makubwa yanatoka na kurusha ugonjwa kwa jirani. Huenda mpunga wenu wote ulivamiwa siku ileile, ila mpunga wako ulionyesha kwanza kwa sababu ulipigana kwanza.

Sasa usingoje Jumamosi. Leo hii muombe radhi mumeo kwa ule uongo, kwa uongo tu, si kwa mbegu. Mwite bwana shamba wa kata aje bondeni ayaone majani yako na ya shemeji mbele ya wote, maana mimi sijayaona, na vidoa vina sababu nyingi. Shemeji apunguze mbolea ya urea, ikizidi humnenepesha adui. Nawe usivimbe kichwa! Ukungu hubadilika, kinga ya leo kesho yaweza kushindwa, kwa hiyo bonde zima lisipandwe mbegu moja, hata iwe ya bibi. Ukivuna, masuke mazuri weka ya mbegu kabla hujapika hata sahani moja.

Wakija na majembe kabla bwana shamba hajafika, simama mbele ya kipande chako. Usitukane, usilie, usisogee.

Na wewe Taufiki, najua gazeti hili litakufikia. Mkeo atakuomba radhi, ipokee. Halafu Jumamosi uwahi bondeni kuliko wote, na kaka yako umwambie hapana kwa mdomo wako.